Pima vena kava kabla hujasukuma propofoli: mwongozo kamili wa kumjua mgonjwa ambaye presha itaporomoka

Kila mtu wa usingizi ana kisa chake cha presha kuporomoka. Changu ni cha mzee mmoja wa miaka kama 70 aliyekuja kutengenezwa henia. Aliambiwa asile wala asinywe kuanzia saa sita usiku, akatii kabisa hata maji hakugusa, asubuhi akameza losatani yake ya presha na kidonge cha kukojoza kama kawaida maana hakuna aliyemwambia aache, halafu listi ikasogea ikasogea mpaka saa nane mchana ndo anaingia tieta. Presha 148/86, anacheka, ananiuliza mwanangu nitaamka kweli, namwambia utaamka baba. Nikasukuma propofoli, dawa ya kulaza, kipimo kama cha kijana, nikaweka mpira wa kupumulia, kugeukia monita nakuta 68/35. Hapo ndo unaanza kuulizia efedrini ya kupandisha presha, na efedrini iko kabatini na ufunguo wa kabati anao sista aliyeenda chai. Mzee aliamka salama lakini mimi nilitoka pale shati limelowa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mashine ya altrasaundi ilikuwa imesimama pembeni ya kitanda muda wote, asubuhi tulikuwa tumeitumia kumchomea mtu mwingine ganzi ya bega.

Dakika mbili za kuweka probu, kile kishikio cha altrasaundi, tumboni zingeniambia yule mzee ni mkavu, yaani maji yamepungua mwilini. Naandika hii kwa wenzangu mnaolaza watu, hasa mnaofanya kazi peke yenu kwenye hospitali za wilaya ambako ukikosea hakuna wa kumpigia kelele aje haraka.

Kwanini presha inaanguka

Chukulia simtanki juu ya nyumba. Sehemu kubwa ya damu ya mtu, kama theluthi mbili hivi, haiko kwenye ateri zinazotoa damu moyoni, imekaa kwenye vena zinazoirudisha, na vena zimebanwa kidogo na neva muda wote ili damu irudi moyoni. Propofoli inalegeza vena, inalegeza ateri, na inawanyamazisha wale neva waliokuwa wanabana, ni kama umefungua mabomba yote ya nyumba kwa mpigo. Kama tanki limejaa, maji yanapungua kidogo na maisha yanaendelea. Kama tanki lilikuwa robo, bomba la juu linakauka hapohapo. Halafu unaongeza fentanili ya maumivu, unaongeza gesi ya usingizi, unaanza kumsukumia hewa kwa mashine na shinikizo la kifuani linazuia hata ile damu kidogo iliyobaki isirudi moyoni.

Shida ni kwamba tanki la robo halionekani kwa macho. Mtu aliyekauka akiwa macho anabana mishipa yake mwenyewe na presha ya mkononi inasoma vizuri tu, wakati mwingine inasoma juu maana ana woga. Ndo maana 148/86 ya yule mzee ilinidanganya. Altrasaundi inakusaidia kuchungulia tanki kabla hujafungua mabomba, na pa kuchungulia ni vena kava ya chini, ile vena kubwa ya tumboni inayorudisha damu moyoni: kwa mtu mkavu inafinyika sana akivuta pumzi.

Na tusifanye mzaha na hizi dakika chache za presha ya chini. Tafiti kubwa za wagonjwa wa upasuaji zimeonyesha presha ya wastani ikikaa chini ya 65 inaendana na figo na moyo kuumia baada ya upasuaji, na kadri inavyozidi kushuka na kukaa muda mrefu ndo hali inavyokuwa mbaya. Ukiwa na mgonjwa wa miaka 25 mwenye apendiksi utaona ni kelele za bure, ukiwa na mama wa miaka 68 mwenye presha na kisukari hapo si kelele.

Nani wa kumpima

Sipimi kila mtu, nisikudanganye. Siku ya listi ndefu huwezi. Ninaowapima ni wazee, wenye presha wanaotumia losatani au enalaprili au vidonge vya kukojoza, walioharisha au kutapika, utumbo ulioziba, walioandaliwa utumbo kwa dawa za kuharisha, wenye homa kali na maambukizi, waliovuja damu, na yeyote aliyekaa na njaa na kiu kupita kiasi. Hapo kwenye kiu nina ugomvi wangu: maji matupu mtu mzima wa upasuaji wa kupangwa anaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla ya usingizi, hiyo ni miongozo ya miaka mingi sasa, lakini wodini bado tunaandika hakuna kitu mdomoni kuanzia saa sita usiku kwa watu wote, hata yule wa saa tisa mchana. Nusu ya wagonjwa wakavu tunawakausha wenyewe.

Usiwapime kwa njia hii ukategemea jibu: mama mjamzito wa miezi ya mwisho (mfuko wa uzazi unaigandamiza hiyo vena, na namba utakayopata ni ya mgandamizo), watoto wadogo (namba ninazotoa hapa ni za watu wazima), na mgonjwa ambaye tayari yuko kwenye mashine ya kupumua. Huyo wa mwisho nitamrudia.

Kabla ya kuweka jeli

Mlaze chali kabisa, kitanda sawa, mto mdogo tu. Wengi tunapima mgonjwa akiwa nusu ameketi kwa sababu ndivyo alivyoletwa, na vena inabadilika. Mwache atulie kama dakika tano. Huu ndo muda wa kupima presha yake ya kuanzia, mara mbili au tatu, sio ile moja aliyopimwa mlangoni roho ikiwa mkononi.

Piga hesabu ya presha ya wastani kama monita yako haikupi: ya chini, jumlisha theluthi ya tofauti kati ya juu na chini. Mfano 150/90, tofauti 60, theluthi yake 20, kwahiyo wastani ni 110. Iandike. Kwa sababu kushuka kwa asilimia 30 kwa mtu huyu ni kufika 77, na 77 ukiiona kwenye monita bila kujua alianzia wapi utasema poa tu.

Pima kabla ya fentanili, kabla ya midazolamu ya kutuliza, na kabla hujambana barakoa ya oksijeni ukamwambia vuta pumzi ndefu. Mwambie "mama, pumua kama unavyopumua nyumbani, usijitahidi." Hii ni muhimu kuliko mashine. Pumzi ndefu inaifinya vena ya mtu yeyote hata aliyejaa maji, ukipima kwenye pumzi ndefu utamwita kila mtu mkavu. Mtu mwenye woga anayehema haraka haraka, ongea naye kwanza, muulize habari za wajukuu.

Kuitafuta vena

Chukua probu ile ya tumbo, iliyopinda, ile ile ya kliniki ya wajawazito. Kama unayo ya moyo nayo inafaa. Ile bapa ya kutafutia mishipa ya mkono haifiki huko. Weka mashine kwenye seti ya tumbo, kina sentimita 15 hivi kwa kuanzia, halafu punguza au ongeza kulingana na mwili wa mtu. Ukitumia seti ya moyo kumbuka alama ya mwelekeo kwenye skrini inahamia upande wa pili, picha itakuwa imegeuka na utachanganyikiwa bure.

Weka probu kwenye chembe ya moyo, chini kidogo ya ncha ya kidari, alama ya probu iangalie kichwani. Sogea kulia kwa mgonjwa kidogo, sentimita moja au mbili, elekeza miale chini mgongoni. Ini linakuwa dirisha lako. Utaona bomba jeusi linapita nyuma ya ini, linaelekea juu na kumwaga kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo. Kabla halijafika moyoni utaona vena ya ini inaingia ndani yake kama kijito kinavyoingia mtoni. Hiyo ndo vena kava ya chini. Usigandamize sana, ukibonyeza kwa nguvu unaifinya mwenyewe na mgonjwa anakaza tumbo.

Sasa kosa ambalo nimeliona kwa wanafunzi na nimelifanya mwenyewe: kupima aota, ile ateri kubwa inayotoka moyoni. Aota iko kushoto kidogo, kuta zake nene na zinang'aa, inadunda kwa nguvu na mapigo, na haiingii kwenye chumba cha kulia. Vena kava nayo inaweza kutikisika na mapigo kwa hiyo mtikisiko peke yake usikudanganye. Swali la kujiuliza ni moja, je naliona linaingia moyoni na naiona vena ya ini ikiingia? Kama jibu ni hapana, usipime bado. Ukibaki na mashaka mwambie mgonjwa anuse kwa haraka kama mwenye mafua, vena itaruka kufinywa, aota haitajali. Kunusa huko ni kwa ajili ya kuitambua tu, namba ya kuandika inatoka kwenye pumzi ya kawaida.

Kama tumbo limejaa gesi au mgonjwa ni mnene na chembe ya moyo haitoi kitu, hamia ubavuni kulia, mstari wa katikati ya kwapa, pita katikati ya mbavu ukitumia ini kama dirisha. Utaiona. Ila namba za ubavuni na za mbele hazilingani sawasawa, kwa sababu vena si duara kamili na inafinywa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo ubavuni naangalia kwa jumla tu, imejaa au imelala, sipigi hesabu ya asilimia nikaiamini.

Kupima kwenyewe

Mahali pa kupima ni karibu na pale vena ya ini inapoingia, kama sentimita mbili kutoka moyoni. Ukikaribia moyo sana unapima mlango, ukienda mbali sana kuelekea kitovuni vena ina tabia nyingine.

Ukiwa umeipata kwa urefu, kuta zote mbili ziking'aa kama mistari miwili, bonyeza modi ya M (inachora mwendo wa mstari mmoja tu kadri muda unavyokwenda) na lete mstari ukate vena kwa pembe mraba. Punguza kasi ya kuchora ili skrini moja ibebe pumzi mbili tatu. Utaona njia nyeusi inapanuka na kusinyaa kama nyoka aliyemeza mayai. Mtu anayepumua mwenyewe, vena inasinyaa akivuta hewa ndani (kifua kinafyonza damu) na inapanuka akitoa. Frizi. Pima pale penye upana mkubwa, halafu pale penye upana mdogo, kalipa (alama za kupimia kwenye skrini) ikae ukingo wa ndani kwa ukingo wa ndani.

Hesabu: kubwa toa ndogo, gawa kwa kubwa, zidisha kwa 100. Vena yenye milimita 19 ikifinyika mpaka 10 ni 9 gawa kwa 19, asilimia 47. Yenye 20 ikifika 15 ni asilimia 25. Fanya kwa pumzi tatu upate wastani, usichague ile iliyokupendeza.

Kama vena imelala mshazari na mstari wa modi ya M hauwezi kuikata mraba, achana na modi ya M, kwa sababu kukata mshazari kunaongeza upana wa uongo. Rekodi kipande cha video ya picha ya kawaida, rudisha nyuma taratibu, tafuta fremu pana na fremu nyembamba, pima hizo.

Halafu kuna mtego ambao vitabu vinautaja kwa mstari mmoja tu wakati ndo unaoharibu vipimo vingi. Vena ni mrija. Mwale wako ukipita katikati ya mrija unaona upana wote, ukipita pembeni unaona kipande tu. Mgonjwa anapovuta hewa kiwambo kinashuka, ini linasogea, na vena inasogea nalo, pengine inateleza pembeni kutoka kwenye mwale wako, na wewe kwenye skrini unaona imesinyaa kumbe imeondoka. Unaandika asilimia 60 kwa mtu ambaye yuko vizuri. Dawa yake ni rahisi: baada ya kupima kwa urefu, zungusha probu nyuzi 90 uione kwa mkato, kama kidoto cheusi cha duara au yai, mwache apumue mara tatu. Kama kweli inafinyika utaona yai linakuwa bapa. Kama linahama tu bila kubadilika umbo, namba yako ya kwanza itupe. Mimi siku hizi nisipofanya huu mkato siandiki kitu kwenye fomu.

Namba inasemaje

Utafiti uliowafanya wengi waanze hii kazi ni wa Zhang na Critchley, ulitoka mwaka 2016 kwenye jarida la Anesthesiology. Walipima vena kava kwa watu wazima kabla ya kuwalaza, wagonjwa 90 wakaingia kwenye hesabu, na mstari walioupata ni asilimia 43. Ikifinyika zaidi ya hapo, uwezekano wa presha kuporomoka baada ya kulazwa ulikuwa mkubwa. Upana peke yake, chini ya sentimita 1.8, nao ulitabiri lakini kwa udhaifu zaidi kuliko kufinyika. Baada yao wamekuja wengine wengi, mistari inacheza, wengine 40, wengine 50, na wapo waliopata kwamba kipimo hakitabiri vizuri hivyo. Inategemea nani alipimwa, dawa gani, na kuporomoka waliita nini.

Kwa hiyo mimi sitembei na 43 kama bei ya dukani. Chini ya 35 natulia kwa upande wa maji, sio kwa pande zote. Kati ya 35 na 50 ni ukungu, hapo historia ya mgonjwa ndo inaamua, kijana mwenye 42 aliyekunywa maji saa mbili asubuhi na mzee mwenye 42 anayetumia losatani si mtu mmoja. Zaidi ya 50, na mkato umethibitisha, na vena yenyewe ni nyembamba, basi huyo kwangu ni mkavu mpaka anithibitishie vinginevyo. Hayo ni makadirio yangu ya kazini, usiyanukuu kama sheria.

Baada ya namba, unafanya nini

Namba isiyobadilisha mpango wako ni jeli iliyopotea.

Kitu cha kwanza sio dripu. Cha kwanza ni kujiuliza kwanini amekauka. Kama ni njaa na kiu, maji yatamaliza. Kama anavuja damu ndani, maji ya chumvi hayatamaliza, unataka damu na unataka daktari wa upasuaji awe ameshanawa mikono kabla hujalaza. Kama ni maambukizi, mishipa imelegea tayari na utahitaji dawa ya kubana mishipa.

Kwa aliyekauka na moyo wake uko sawa, mpe dripu ya Ringa mililita 250 mpaka 500 kwa dakika kumi hadi kumi na tano, halafu rudi upime tena, probu ile ile, mahali pale pale. Kama kufinyika kumetoka 55 kuja 30 umepata jibu. Kama hakujabadilika unaweza kurudia mara moja tu, ukiwa unasikiliza mapafu, au ukiwa na probu mkononi pitisha kifuani uone kama ile mistari mirefu ya maji inaanza kujitokeza. Upasuaji wa dharura usiusimamishe nusu saa kwa ajili ya asilimia, dripu inaweza kukimbia huku unaandaa dawa.

Sasa dawa. Propofoli ya kitabu, miligramu 2 kwa kilo, ni ya kijana mzima. Kwa mzee au mkavu anza na 1 mpaka 1.5 na isukume polepole kwa vipande, subiri, maana kwa mzee damu inazunguka taratibu na dawa inachelewa kufika kichwani, ndo pale unadhani haijatosha unaongeza, halafu zote mbili zinafika pamoja. Kama ni mkavu kweli kweli mimi nahamia ketamini, miligramu 1 kwa kilo, au hata nusu yake kwa aliye taabani. Ila usiifanye ketamini kuwa hirizi. Inashikilia presha kwa kuamsha neva, na mtu ambaye neva zake zimeshachoka baada ya siku tatu za utumbo kuziba, ketamini nayo itamwangusha.

Dawa ya kubana iwe ndani ya sirinji, imeandikwa jina na kipimo, kabla ya propofoli. Efedrini miligramu 5 hadi 10 kwa pigo moja. Fenilefrini mikrogramu 50 hadi 100, ukiwa na ampuli ya miligramu 10 ukaiweka kwenye chupa ya mililita 100 kila mililita inabeba mikrogramu 100. Huna hizo zote? Adrenalini ipo kila mahali: ampuli ya miligramu 1 ndani ya mililita 100 za salaini, kila mililita ni mikrogramu 10, unatoa mililita moja moja. Weka stika kubwa kwenye hiyo chupa, isije ikaonekana ni dripu ya kawaida mtu akaifungua ikimbie. Kanula iwe kubwa, 18 au 16, na mashine ya presha ipime kila dakika moja kwa dakika kumi na tano za mwanzo. Ikiwekwa kila dakika tano utaikuta presha imeshafika chini na kukaa.

Vena iliyojaa nayo ina maneno

Hapa ndo watu wanajikwaa. Umepima, vena ni pana sentimita 2.3, haifinyiki hata asilimia 20, unafurahi tanki limejaa, unasukuma propofoli kamili. Subiri kwanza. Vena pana isiyofinyika maana yake damu imerundikana mlangoni, na inaweza kuwa imerundikana kwa sababu moyo hauwezi kuipokea. Moyo wa kulia ulioshindwa, presha ya mapafu, vali inayovuja, au maji kwenye mfuko wa moyo. Hilo la mwisho kwetu si jambo la ajabu, kifua kikuu kinaleta maji kwenye mfuko wa moyo, na mtu kama huyo ukimlaza kwa propofoli na kumsukumia hewa kwa mashine anaweza kusimama moyo mikononi mwako.

Kwa hiyo ukiona vena imejaa na haifinyiki, usiondoe probu. Ielekeze juu kushoto uangalie moyo wenyewe kupitia hapo hapo chini ya kidari. Huhitaji kuwa daktari wa moyo kuona vitu vitatu: unabana vizuri au unatetemeka tu, upande wa kulia umevimba kuliko wa kushoto au la, na kuna utepe mweusi wa maji kuuzunguka au hakuna. Ukiona kimojawapo, usimpe maji, simama, zungumza na wenzako, fikiria ganzi ya sehemu, fikiria kuahirisha.

Na kuna huyu mwingine: vena nzuri, moyo mzuri, presha inaporomoka hivyo hivyo. Ni mishipa imelegea tu, mara nyingi dawa za presha za asubuhi, au dozi yako ilikuwa kubwa. Altrasaundi haikukosea hapo, uliiuliza habari za tanki, hukuiuliza habari za mabomba.

Aliye kwenye mashine tayari

Mgonjwa akishawekewa mpira na mashine inamsukumia hewa, mambo yanageuka kichwa chini: vena inapanuka hewa ikiingia na kusinyaa ikitoka. Hesabu pia inabadilika, kubwa toa ndogo gawa kwa ndogo, na mstari unaotajwa sana ni asilimia 18, tena kwa mtu ambaye hapumui mwenyewe kabisa na amewekewa ujazo wa hewa wa kutosha. Usichukue 43 ukaipeleka huko.

Vena kava ikigoma kabisa

Kuna watu hutaiona. Tumbo limevimba ngoma, kidonda kiko pale pale, gesi kila mahali. Hapo nahamia shingoni. Probu bapa, karotidi (ateri kubwa ya shingo) kwa urefu, sentimita kama mbili chini ya pale inapogawanyika, Dopla ya mapigo (inayopima mwendo wa damu) katikati ya mshipa, pembe isizidi nyuzi 60. Utapata mawimbi. Pima muda kuanzia wimbi linapoanza kupanda mpaka kile kikato kidogo kinachoonyesha vali ya aota imefunga. Huo ni muda wa mtiririko, na lazima uusahihishe kwa mapigo ya moyo: chukua mapigo toa 60, zidisha kwa 1.29, halafu jumlisha na muda wa mtiririko. Mtu mwenye milisekunde 270 na mapigo 100 anapata 270 jumlisha 51.6, yaani karibu 322. Moyo unaopata damu kidogo unafungua vali kwa muda mfupi, ndo mantiki yake. Mimi nikiona chini ya 330 hivi naanza kumshuku mtu kuwa mkavu. Uzuri wa shingoni ni kwamba gesi ya tumbo haikuhusu. Ubaya ni kwamba kalipa ikiteleza milisekunde 20 tu umebadilisha jibu zima, kwa hiyo pima mapigo matatu au manne. Na usigandamize shingo ya mzee, karotidi zake hujui zina nini ndani.

Kujifunza bila kumsumbua mgonjwa

Anza kwa kupimana. Wakati mnasubiri listi, mmoja alale, mwingine apime, mpime asubuhi kabla ya chai halafu mpime baada ya kunywa maji. Nilipofanya hivyo na mwenzangu tulipishana asilimia 15 kwa tumbo lile lile, yeye alikuwa anapima karibu na moyo mimi mbali, tukabishana mpaka tukakubaliana mahali. Kama mko wawili watatu kituoni, kubalianeni mahali pamoja kabla hamjaanza kulinganisha namba.

Halafu nunua daftari la shilingi chache, uandike: umri, dawa anazotumia, mara ya mwisho kunywa, upana mkubwa, upana mdogo, asilimia, dawa ya kulaza na kipimo, presha ya wastani ya kuanzia, presha ya chini kabisa kwenye dakika kumi za kwanza, umempa dawa ya kubana au la. Jina la mgonjwa usiweke. Ishirini za kwanza usizitumie kuamua chochote, andika tu, halafu kaa chini uone namba zako zilisemaje na monita ilisemaje. Zangu ishirini za kwanza zilikuwa aibu, sita kati ya hizo nikirudia video naona kabisa vena ilikuwa inateleza pembeni.

Usisahau kufuta probu kati ya mgonjwa na mgonjwa, na mfute mama wa watu jeli tumboni kabla hajalala, inakuwa baridi na stika za monita hazitashika.